FAILI HALIOTI NYASI
Mkasa wa uwanja wa ndege porini, na kijana aliyetaka kuuza pikipiki yake

Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa Kibaha na Kisarawe. Tunayachapa kama yalivyotamkwa, ili na wewe ambaye hukuwepo upate chako.

Ndugu zangu vijana,

Sikuja kuwapigia porojo. Nimekuja na kisa kimoja, na kisa chenyewe kinahusu mfuko wako.

Majuzi alinijia kijana mmoja wa Kisarawe. Kazi yake bodaboda. Akaniamkia, "Shikamoo kaka." Nikamwitikia. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, ina mhuri wa rangi ya zambarau ambao hausomeki.

"Kaka, nimepata ekari mbili. Bei ya kutupa. Nauza pikipiki namalizana nao Jumamosi."

Nikamuuliza ardhi ni ya nani.

"Lilikuwa shamba la mzungu. Keshaondoka zamani. Mle ndani kuna mpaka uwanja wa ndege, wa kwake mwenyewe! Sasa umeota nyasi, ng'ombe wanalala. Dalali kasema ndege haijatua miaka na miaka, kwa hiyo ardhi imesharudi kwa wananchi."

Shamba lenyewe silitaji, na dalali simtaji. Lakini neno la yule kijana lilininyima usingizi: ndege haijatua, kwa hiyo ardhi imerudi. Kumbe vijana wetu wanaamini kwamba ardhi ikiota nyasi na haki ya mwenyewe nayo imeota nyasi! Ndiyo sababu nikasema nije tuzungumze.

ANAYEKUJA KWA ANGA HAULIZI NJIA

Kwanza tuelewane uwanja wa ndege wa porini ni kitu gani. Usifikirie lami na taa kama pale Uwanja wa Julius Nyerere. Ni ardhi iliyosawazishwa, visiki vimeng'olewa, imeelekezwa kule upepo unakotoka. Pembeni mawe yamepakwa chokaa ili rubani aone mpaka. Kuna mlingoti wenye mfuko wa kitambaa unaojaa upepo. Basi. Ndege ndogo inataka mita mia kadhaa, ikizidi sana kilomita moja. Kama wanyama wamelala njiani, rubani anapita chini mara ya kwanza kuwafukuza, anazunguka, ndipo anatua.

Piga hesabu. Urefu mita 1,000 kwa upana mita 30 ni hekta 3. Ni ekari 7 na ushei. Kwa shamba la maelfu ya ekari, hicho ni kipande kidogo kama kiraka cha suruali. Kwa nini basi kiraka hicho kina maana kubwa?

Kwa sababu mtu anayekuja kwa miguu hupita kijijini. Anaomba maji, anauliza njia, anasalimia wazee, anaona makaburi, anaona shamba la muhogo la bibi fulani. Anayekuja kwa anga haulizi njia. Anatua, anafanya lake, anaruka. Na siku mambo yakimwendea kombo anaondoka vile vile. Hakuna aliyemwaga wala aliyemdai. Unabaki mlingoti na nyasi.

Na kuna jambo jingine. Ukiiangalia ardhi kutoka angani, unaiona tupu. Kichaka kilichopumzishwa baada ya mavuno, wewe wa Kisarawe unajua ni shamba la mzee fulani. Rubani anaona pori. Malisho ya kiangazi, mfugaji anayajua kwa majina. Kwenye ramani yameandikwa: hakuna mtu.

Mnakumbuka karanga za Kongwa? Mwaka 1946 bwana mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, alipita juu ya Tanganyika kwa ndege, akaona pori linalonyoosha mikono, akawaza karanga. Serikali ya Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Wakaja wataalamu watatu, wakazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, na ripoti ikapita. Ekari zaidi ya milioni tatu! Mwaka 1947 walilenga ekari 150,000, wakaambulia kupanda kama 7,500. Mibuyu iliwashinda, udongo wa Kongwa kiangazi ukawa mgumu kama tofali, mvua ikakataa amri. Januari 1951 mpango ukafutwa, na paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikaandikwa hasara. Mwishowe karanga zilizovunwa zilikuwa chache kuliko mbegu zilizoletwa. Mgogo yeyote aliyekuwa anachunga pale angewaambia habari ya mvua na udongo bure, bila mshahara. Hakuulizwa, kwa sababu kutoka angani hakuonekana.

Na ardhi ile ilirudi kwa Wagogo baada ya karanga kufa? La. Sehemu yake ikawa ranchi ya ng'ombe, na mpaka leo Kongwa ni ranchi ya taifa. Kwenye majengo ya reli yaliyoachwa, kuanzia 1964 wakapewa hifadhi wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Sisemi hayo ni mabaya. Kwa wapigania uhuru tunajivunia. Ninachosema ni hiki: mradi ulikufa, lakini ardhi haikukaa siku hata moja bila mwenyewe kwenye makaratasi. Shika hapo.

MKWAJA: MBUNG'O ALIWASHINDA MABEPARI

Sogea karibu na kwetu. Panda kaskazini, pita Bagamoyo, vuka Wami, nenda mpaka Mkwaja, wilaya ya Pangani. Pale kwenye miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilianzisha ranchi. Ilikuwa na vibarua wengi wa mkonge, na kibarua bila nyama hakati mkonge. Ikachukua eneo la kilomita za mraba zaidi ya 460, yaani zaidi ya ekari 110,000, ikafuga ng'ombe aina ya Boran. Kwenye miaka ya 1970 na 1980 walifika maelfu kwa maelfu, na wataalamu wa mifugo waliandika habari zao kama mfano wa kufuga penye mbung'o.

Mbung'o! Huyo ndiye aliyekuwa mwenye nchi. Inzi mmoja mdogo, kaa la pua, anabeba vijidudu vya nagana. Ng'ombe anakonda, anakauka, anakufa. Ranchi ikapambana kwa sindano, kwa josho, kwa kufyeka vichaka. Sindano zikapigwa mpaka vijidudu vikazizoea. Kichaka kikifyekwa leo, kesho kinachipua maradufu. Gharama zikapanda, na mkonge nao ulishashuka bei zamani. Mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Karibu nusu karne ya mtaji, ikazimwa na inzi.

Sasa nauliza: ng'ombe walipoondoka, ardhi ya Mkwaja ikawa ya nani? Ya vijana wa Mkwaja na Pangani wagawane ekari mbili mbili? Haikuwa hivyo. Iliunganishwa na lile pori la akiba la Saadani, na mwaka 2005 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Leo Mkwaja ina kiwanja kidogo cha ndege kinachohudumia hifadhi, na wanaoshuka pale ni watalii. Wanakuja kuona tembo karibu na bahari. Ng'ombe ameondoka, tembo ameingia, na wewe bado uko nje ya uzio.

Hifadhi ina faida zake kwa taifa, sikatai. Lakini muulize yule dalali: kama kanuni yako ni kweli, kwamba nyasi zikiota ardhi inarudi kwa wananchi, mbona Mkwaja haikurudi?

NDEGE ZILIZOKAMATWA KWA AJILI YA MASHAMBA

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo moyo wa hotuba yangu ulipo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mkulima mkubwa kaskazini mwa nchi, mtu wa Afrika Kusini, Hermanus Steyn. Alikuwa na mashamba makubwa ya maharage na mbegu. Wakili wake amepata kueleza kwamba Steyn alikuwa na magari 250 na ndege ndogo 12. Ndege 12, ndugu zangu! Mtu wa namna hiyo hasubiri basi stendi. Serikali ya wakati ule ikataifisha mali zake, naye akaondoka nchini.

Kijiweni hapo wangesema kwisha habari yake. Mzungu kaondoka, mashamba yamebaki, ndege hazitui tena. Steyn akaenda mahakamani. Miaka ya 1990 akapata tuzo ya fidia ya mamilioni ya dola. Sehemu ikalipwa, sehemu ikabaki, na riba ikaendelea kuzaa watoto na wajukuu kimya kimya.

Agosti 2019 abiria wamejipanga uwanja wa Johannesburg, Afrika Kusini, wanasubiri ndege ya Air Tanzania, ile Airbus A220, mpya, fahari ya taifa. Wanaambiwa ndege hairuki. Imekamatwa kwa amri ya mahakama. Na nani? Na Steyn! Zaidi ya miaka 35 imepita. Septemba mahakama ikaiachia. Novemba mwaka ule ule akakamata nyingine huko Canada, ndege ya Bombardier iliyokuwa bado haijafika nyumbani. Hiyo nayo ikaachiwa baadaye. Lakini aibu ilishatupata na gharama ya mawakili ilishatutoka, na mwenye kulipa ni wewe unayekatwa kodi kwenye kila lita ya petroli ya pikipiki yako.

Nani alikuwa na haki na nani hakuwa, hilo si la kwangu leo. Mimi natazama faili. Faili lile lilikaa zaidi ya miaka 35, likachipuka, likaikuta ndege Johannesburg.

Mtasema hayo ni ya kaskazini, ya zamani. Haya, njoo mkoa wetu wenyewe wa Pwani.

Bagamoyo kulikuwa na ranchi inaitwa Razaba, yaani Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo. Miaka ya 1970 Serikali ya Zanzibar ilipewa ardhi bara ifuge ng'ombe. Miaka ya 1990 ranchi ikafa. Ng'ombe hakuna, mabweni yamebomoka, wachoma mkaa wakaingia, wafugaji wakaingia, wakulima wadogo wakajenga. Watu walizaa pale wakaoa pale. Kila mtu akajua hili ni pori la Mungu.

Mara wakaja wawekezaji kutoka Sweden. Kwanza walizungumzia mafuta ya magari kutokana na miwa, baadaye sukari, wakiwa na jina la EcoEnergy. Mwaka 2013 wakapata hati ya hekta zipatazo 20,000. Wale waliokuwa wamejenga pale wakaambiwa kwa lugha ya kistaarabu kwamba wao ni wavamizi. Mwaka 2016 serikali ikausimamisha mradi, kwa hoja ya maji ya Wami na wanyama wa Saadani. Wawekezaji wakaenda Washington, kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Mwaka 2022 Tanzania ikaambiwa ilipe dola milioni 165 hivi. Na mwishoni mwa 2022 ndege yetu nyingine aina ya A220 ikazuiliwa Uholanzi kwa ajili ya deni hilo.

Umeona? Ranchi iliyokufa Bagamoyo, nyasi zimefika kiunoni, ikakamata ndege Ulaya. Na sehemu ya ardhi ile ile leo ni mashamba ya miwa ya kampuni ya Bakhresa. Mchoma mkaa aliyedhani pori halina mwenyewe, yuko wapi?

Ndiyo maana nasema na nitarudia mpaka koo likauke: uwanja huota nyasi, faili halioti nyasi.

MBONO KABURI, KISARAWE

Sasa nyie wa Kisarawe msicheke, zamu yenu imefika.

Kuanzia mwaka 2006 hivi iliingia kampuni ya Kiingereza, Sun Biofuels. Ilitaka kulima mbono kaburi, mafuta yake yaendeshe magari. Wazee wetu walipanda mbono kaburi kuzunguka makaburi na mipaka ya mashamba, maana mbuzi hali. Jina lenyewe lingetosha kumshtua mtu. Lakini ahadi zilikuwa tamu: ajira, visima, barabara, zahanati, shule. Vijiji 11 vikaguswa, kama Mtamba, Muhaga, Marumbo na Paraka. Ardhi iliyotolewa ni hekta 8,211, ekari zaidi ya 20,000, kwa miaka 99. Hati ikatoka 2009.

Mamia ya vijana wakapata kibarua. Wengine wakaacha mashamba yao ya muhogo na mkaa wao, wakavaa buti za kampuni. Mwaka 2011, miaka miwili tu baada ya hati, kampuni ikaishiwa pumzi. Wafanyakazi wakaachishwa, mradi ukauzwa kwa kampuni nyingine. Wanavijiji wakabaki wanalalamika hadharani kuhusu fidia, kuhusu visima vilivyoahidiwa, kuhusu kupata njia ya kwenda kuzuru makaburi ya wazee wao.

Sasa swali la mtoto wa darasa la nne: kampuni imeshindwa, ardhi irudi kijijini, si ndiyo?

Siyo! Na hapa ndipo wengi tumelala. Ili mgeni apate ardhi ya kijiji, kwanza ardhi hiyo inahamishwa kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Hiyo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, kifungu cha 4. Ikishahama imehama. Mgeni akapewa haki yake kupitia Kituo cha Uwekezaji, kile ambacho mwaka 2025 kimeunganishwa na EPZA kikawa TISEZA. Mgeni akishindwa, ardhi haishuki yenyewe kurudi kijijini kama embe lililoiva. Inabaki huko huko juu, inasubiri mgeni mwingine. Mlidhani mmekodisha, kumbe mlishahamisha.

Sheria hiyo hiyo inasema kama ardhi inayohamishwa haizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, kijiji kinatoa mapendekezo, na uamuzi ni wa Waziri. Na ardhi haihami mpaka aina na kiasi cha fidia vikubaliwe kwanza. Yaani nguvu yako ya kusema hapana ni kwenye kipande kidogo, na kwenye kikubwa nguvu yako ni kelele zako za mkutanoni na fidia unayokubali au kukataa.

Na mkutano mkuu wa kijiji ni nani? Ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Ni wewe! Wewe ambaye siku ya mkutano uko kijiweni unabishana Simba na Yanga. Wazee wanne wanakaa chini ya mwembe, wanasainishwa karatasi ya mahudhurio, wanapewa soda. Wewe unakuja kupiga kelele miaka miwili baadaye, katapila limeshaingia.

USINUNUE NYASI

Turudi kwa kijana wangu wa bodaboda na ekari zake mbili.

Nilimwambia hivi. Mdogo wangu, shamba lenye hati likiachwa, linabaki na hati. Sheria ya Ardhi, namba 4 ya 1999, imeeleza dalili za kutelekeza: kodi ya ardhi haijalipwa kwa miaka miwili, majengo yanaachwa yabomoke, mwenyewe ameondoka nchini bila kuacha msimamizi. Lakini hizo ni dalili tu. Lazima Kamishna wa Ardhi atoe notisi, taratibu zifuatwe, na mwenye mamlaka ya kufuta hati ni Rais peke yake. Hata mwenyekiti wa kitongoji akigonga mhuri wa zambarau mara kumi, hati haijafutwa.

Na hati ikifutwa, ardhi inarudi kwa serikali. Dalali hana lake pale, na aliyewahi kukita vigingi naye hana lake. Hapo ndipo kijiji kinaweza kuomba. Yapo mashamba pori, hasa Morogoro na Tanga, yaliyofutiwa hati na sehemu yake ikagawiwa wananchi. Njia ipo. Inaanza kwenye mkutano wa kijiji, inapita halmashauri, inakwenda kwa Kamishna, inafika juu. Ni ndefu, inachosha, inataka watu wengi na mihutasari iliyosainiwa. Lakini mwisho wake ni ardhi ya kweli. Ya dalali ni fupi, na mwisho wake ni katapila.

Mtaniambia habari ya miaka 12. Najua, kila kijiwe kina mwanasheria wake. Eti ukikaa miaka 12 ardhi ni yako. Sheria ya ukomo ipo kweli, inazungumzia miaka 12 ya kudai ardhi. Lakini miaka 12 ya kijiweni si ile ya mahakamani. Mahakama itakuuliza uliingiaje, ulikaa wazi au kwa kujificha, ulikaa mfululizo au ulipita kuchoma mkaa, mwenyewe alikuwa anajua au hajui. Na wewe unayenunua leo, miaka 12 yako inaanza kuhesabiwa lini?

Kwa hiyo kabla hujauza pikipiki fanya mambo haya. Nenda ofisi ya ardhi ya wilaya uulize kipande kile kiko kwenye ramani gani. Kama kina hati, lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mwenyewe na kama kuna mkopo wa benki umewekwa juu yake. Maana hiyo nayo ni mbinu: mtu anachukua hati ya pori, anaiweka benki, anachota mkopo, anaruka. Unaponunua nyasi unanunua na deni. Kisha waulize wazee wa kijiji. Mzee aliyeona ndege ya kwanza ikitua anajua zaidi ya dalali aliyehamia juzi. Kama wanakijibu kwamba kipande ni cha kijiji, omba kuona muhtasari wa halmashauri ya kijiji, na mauziano yafanyike mbele yao. Mauziano ya usiku nyuma ya baa ni ya wezi.

Na kwa nini nasema haya leo na sio mwaka jana? Kwa sababu pori letu limepanda bei. Reli ya kisasa inapita Pugu, Soga na Ruvu. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024. Kwala kuna bandari kavu na viwanda. Mji wa Dar es Salaam unatambaa kuja kwetu kama siafu. Kila ekari iliyolala, kila shamba lililokufa, kila uwanja wa ndege ulioota nyasi una mtu anautafuta. Yule aliyelisahau shamba lake miaka 20, akisikia honi ya treni atalikumbuka kesho asubuhi. Atakuja na hati, na askari, na katapila. Wewe utakuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mwaka 1958, kabla hata ya uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, akipinga ardhi kuuzwa kama mashati. Hofu yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mkiuza, wenye fedha watanunua yote, na wenyeji mtakuwa wapangaji kwenu. Leo hatuna haja ya mgeni atushinde. Tunashindana sisi kwa sisi, kijana anamuuzia kijana mwenzake nyasi za mtu wa tatu.

Yule kijana alinisikiliza, akanyamaza. Akaniuliza swali ambalo mpaka leo linaniuma: "Sasa kaka, sisi tusio na ndege, ardhi tutaipata lini?"

Sikumdanganya. Nilimwambia: siku tutakapohudhuria mikutano kama tunavyohudhuria mpira. Siku tutakapolidai faili kwa jina lake na namba yake, na kuacha kupeana ramani za mchoro wa kalamu kwenye pakiti ya sigara. Hao wenye ndege hawakutushinda kwa ndege. Walitushinda kwa karatasi, tena karatasi zilizosomwa mbele yetu sisi tukiwa hatupo.

Pikipiki hakuiuza. Jumamosi ile ile aliipanda, lakini alikwenda ofisi ya ardhi. Akaambiwa aje Jumatatu, ofisi imefungwa. Jumatatu akarudi. Hapo ndipo nilipojua kwamba amenielewa.

Na wewe je? Jumatatu utakuwa wapi?